Mtoto anapohama shule, faili ya ulinzi wake ipitie wapi?

Shule nyingi za mashariki mwa Kongo ziko mikononi mwa makanisa. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule za Kiprotestanti zinafuata programu ya Serikali, lakini kanisa ndilo linaloziongoza. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wachungaji na wazee wa kanisa sawa na madirekta na maprefe.

Mtoto akihama, mzazi anaomba buletini. Buletini inaonyesha pointi na darasa alilofikia. Haisemi kwamba mtoto huyu alitoka katika kundi la silaha, au kwamba mjomba fulani amekatazwa kumchukua shuleni, au kwamba majirani walimpiga wakimwita mchawi. Mambo hayo yanaandikwa mahali pengine, katika faili ya ulinzi wa mtoto. Makala hii inaeleza namna ya kuifikisha faili hiyo katika shule mpya bila kumletea mtoto madhara.

Faili ya ulinzi ni nini?

Ni maandishi ya shule kuhusu hofu yoyote juu ya usalama wa mtoto: tarehe, kilichoonekana, maneno ya mtoto mwenyewe, nani alipewa habari, na nini kilifanyika baadaye. Uvumi hauna nafasi humo. "Ana alama za fimbo mgongoni, anasema amepigwa na baba wa kambo" ni habari. "Watu wanasema ana pepo" si habari juu ya mtoto. Kinachopaswa kuandikwa ni kwamba kuna watu wanaomshitaki, na ni akina nani. Sheria yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi.

Faili hii haikai pamoja na buletini. Inafungiwa katika kabati, na ufunguo unakuwa na mtu anayejulikana.

Kwa nini imfuate mtoto?

Isipomfuata, shule mpya inaanza bila kujua kitu. Mtoto analazimika kusimulia maumivu yake upya kwa mtu asiyemzoea, na wengi wanachagua kunyamaza. Yule aliyekatazwa kumkaribia anaweza kufika mlangoni na kujiita mzazi, na mwalimu akamkabidhi mtoto kwa moyo mweupe.

Uingereza walijifunza jambo hili kwa msiba. Victoria Climbié, msichana wa Côte d'Ivoire, aliletwa Ulaya na shangazi wa baba yake ili apate masomo. Walipokaa Ufaransa, shule yake ilitoa tahadhari mwanzoni mwa mwaka 1999 kwamba mtoto yuko hatarini. Mwezi wa nne akapelekwa London, na huko hakuandikishwa shule yoyote. Tahadhari ya shule haikuvuka pamoja naye. Hospitali, polisi na ofisi za mambo ya jamii zilimwona, na alipelekwa hata kanisani, ambako shida zake zilihesabiwa kuwa za mapepo. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari, lakini hakuna aliyeviunganisha vyote. Alikufa tarehe 25 mwezi wa pili mwaka 2000, akiwa na miaka 8, baada ya mateso marefu. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilionyesha nafasi nyingi za kumwokoa zilizopotea.

Leo mwongozo wa shule za Uingereza unataka faili ya ulinzi ifike shule mpya ndani ya siku 5 mtoto akihama katikati ya mwaka, au ndani ya siku 5 za kwanza za muhula mpya. Inapelekwa mbali na faili ya masomo, kwa njia salama, na shule mpya inathibitisha kwamba imeipokea.

Je, siri haikatazi?

Kongo ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 16 kinalinda maisha ya siri ya mtoto, na kifungu cha 19 kinataka alindwe na kila aina ya ukatili. Viwili hivi havipingani. Siri iko kwa ajili ya mtoto. Ikiwa inamlinda anayemuumiza, hiyo si siri tena bali ni kuficha uovu. Sheria ya 2009 nayo inaweka faida ya mtoto mbele.

Hatua za kufuata

1. Kila shule iteue mtu mmoja wa ulinzi wa watoto na msaidizi wake, vizuri wakiwa mwanamke na mwanamume.

2. Mzazi anapoomba buletini, muulizeni jina la shule mpya na mahali ilipo, na mliandike.

3. Wapigieni viongozi wa shule ile. Namba ya simu itafuteni kupitia ofisi ya shule za kanisa, msiichukue kwa mtu aliyekuja kumwondoa mtoto.

4. Mwambieni mtoto na mzazi kwamba habari itapelekwa, isipokuwa pale mzazi mwenyewe ndiye chanzo cha hatari.

5. Nakala iwekwe katika bahasha iliyofungwa, juu yake jina la mpokeaji tu. Isibebwe na mtoto, wala jamaa, wala dereva wa taksi. Isipigwe picha na kutumwa katika kikundi cha WhatsApp.

6. Mpokeaji atie sahihi na tarehe. Shule ya zamani ihifadhi karatasi hiyo.

7. Katika shule mpya, kila mtu aambiwe kiasi anachohitaji. Kwa mwalimu wa darasa pengine inatosha kusikia: "Huyu achukuliwe na mama yake peke yake."

Watu wanapokimbia

Kwetu mara nyingi hakuna siku 5. Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa tano 2021, na vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, familia ziliondoka bila kuaga shule. Wakati kama huo msitume faili njiani kumtafuta mtoto. Karatasi inayotaja kijana aliyetoka katika kundi la silaha ikikutwa kwenye kizuizi cha barabara, inaweza kumwangamiza yeye na jamaa yake.

Subirini mpaka mjue amefikia wapi, hata kama ni Burundi au Uganda. Kisha semeni kwa mdomo yale ya lazima tu, na mtu mliyemhakikisha. Penye hatari ya vita, faili ziandikwe kwa namba, na orodha ya majina ikae mahali pengine. Na iamuliwe mapema, kabla ya siku ya kukimbia: nani atabeba faili hizi, na zipi zitachomwa.

Katika mkutano ujao wa komite ya wazazi, ulizeni maswali matatu. Nani ana ufunguo wa kabati? Ni watoto wangapi wenye faili walioondoka mwaka huu? Kwa kila mmoja wao, iko wapi sahihi ya aliyepokea?