Kufuga konokono ya maji Lubumbashi: shaba ndio adui ya kwanza

Mutoto akirudi nyumbani na konokono ndani ya bokali, wazazi wengi wanaitupa inje palepale. Wengine wanaiacha kwenye dirisha, na kisha siku chache maji yananuka. Kuichunga vizuri si kazi ngumu wala haiombi pesa nyingi: maji safi, chokaa, mboga kidogo. Lakini kwetu hapa kuko mambo mawili ya kujua mbele ya yote. La kwanza ni aina ya konokono yenye imeingia nyumbani. La pili ni shaba.

Tazameni kama iko na mulango

Ndani ya mito na mabwawa ya Haut-Katanga, kandokando ya Kafubu sawa vile kwenye dambo, kuko konokono za aina nyingi. Mbili kati yazo ndizo zinabeba mududu wa bilharzioze. Moja wataalamu wanaiita Biomphalaria: ni ndogo, bapa, imejikunja sawa kamba yenye kuzungushwa juu ya meza. Hiyo inapitisha bilharzioze ya matumbo. Ingine ni Bulinus: iko na ncha fupi, na ukiishika ncha ikiangalia juu na mudomo ukikuangalia wewe, mudomo unakuwa upande wa kushoto. Hiyo inapitisha ile ya kibofu, yenye kuleta damu ndani ya mukojo.

Namna ya mududu huyo kusafiri ndiyo inaonyesha hatari iko wapi. Mugonjwa anajisaidia ndani ya maji, mayai yanapasuka, mududu anaingia ndani ya konokono na kuongezeka humo majuma kama manne ao zaidi. Kisha vidudu vidogo vyenye macho hayawezi kuona vinatoka, zaidi wakati wa muchana, na vinapenya ngozi ya mutu ndani ya dakika chache tu. Haiko lazima kunywa maji hayo. Kutia mukono inatosha. Kwa hiyo bokali yenye maji ya muto na konokono ya muto si muchezo wa watoto.

Biomphalaria na Bulinus hazina mulango. Konokono zingine ziko na kifuniko kigumu juu ya muguu, upande wa nyuma, na zikiogopa zinajifunga kabisa. Kwa nyumba yenye watoto, mimi ninashauri hivi: yenye haina mulango isiingie. Najua kuko konokono zingine bila mulango zenye hazina ubaya, lakini kuzitofautisha ni kazi ya wataalamu.

Yenye kufaa zaidi ni Lanistes, ile kubwa ya rangi ya kahawia, ya mviringo. Angalisho: na yenyewe mudomo wake uko kushoto, lakini iko na mulango. Kuko pia Melanoides, ndefu na nyembamba sawa visi. Hiyo inazaa watoto wazima bila kuhitaji dume; mukiweka moja, kisha miezi kadhaa mutahesabu makumi.

Maji yenye mumeileta nayo muyamwange kwenye udongo mukavu, mbali na kisima. Musiyaguse kwa mikono mitupu. Majani ya muto pia muache kule, juu mayai ya konokono zingine yanashikamana nayo. Na mutoto mwenye ameisha kucheza ndani ya maji hayo, akianza kukojoa damu ao kuumwa tumbo mara kwa mara, apelekwe kwenye kituo cha afya. Dawa iko, inaitwa prazikanteli. Konokono yenye imezaliwa ndani ya bokali yenu, ndani ya maji safi, haizaliwi na mududu huyo.

Shaba

Muji wetu ulianzishwa mwaka wa 1910 juu ya shaba, na konokono haiwezi shaba hata kidogo. Hii si mambo ya juzi. Kule Misri na kwenye mifereji ya mashamba ya Gezira, Sudani, walitumia salfati ya shaba miaka mingi ili kuua konokono za bilharzioze. Kiasi kidogo chenye samaki anavumilia kinatosha kumaliza konokono.

Sasa tazameni nyumba zetu. Mutu anapenda kupamba akwariumu yake na jiwe la malakiti, lile la kijani lenye wanauzisha hapa muji. Ni zuri kweli, lakini malakiti ni shaba. Vilevile jiwe lolote lenye limetoka kwenye machimbo, waya ya umeme, sarafu, bomba la shaba. Dawa nyingi za kuponya samaki ziko na shaba ndani; musome kartoni mbele ya kutia. Mboga ya shamba yenye walipulizia dawa ya buluu ya nyanya, muioshe sana ao muiache. Mawe ya mapambo muchague yale ya kawaida, yenye hayana alama ya kijani wala buluu.

Maji ya Naviundu na Kafubu nayo musiyatumie. Wachunguzi wamekwisha kukuta humo metali za viwanda, shaba na kobalti kati yazo. Maji ya mvua yenye kupita juu ya mabati inabeba zinki, na hayana chokaa. Maji ya REGIDESO yanafaa, lakini yako na klorini: muyaache ndani ya ndoo ya plastiki bila kufunika siku moja nzima mbele ya kutumia. Kama yamelala ndani ya bomba la shaba usiku, muache yatiririke kwanza.

Chokaa, chakula na baridi

Gamba linajengwa na chokaa. Tazameni birika yenu ya chai: kama kuko ukoko mweupe ndani, maji yenu iko na chokaa ya kutosha. Kama hakuna, chemsheni maganda ya yai, myasage, mutie kidogo. Gamba lenye kuwa na vishimo vyeupe ao ukingo wenye kuvunjika sawa karatasi, ni alama ya chokaa kukosa. Lenye limeisha haribika halirudi, lakini sehemu mpya itaota nguvu.

Chakula: lengalenga yenye kuchemshwa kidogo, karoti, kokombre. Sombe mbichi hapana, iko na sumu. Bukari pia hapana, inaharibu maji ndani ya usiku mumoja. Yenye imebaki muitoe kesho yake. Konokono moja kubwa iwekewe litri kumi, na kila juma mubadilishe sehemu moja ya tatu ya maji, bila sabuni. Hata bila mashine inawezekana, jambo zuri kwa sisi wenye umeme unakatikakatika. Lanistes iko na pafu, inapanda juu kuvuta hewa. Basi musijaze maji mupaka juu, na mufunike na kitu chenye matundu juu inatoroka.

Mwezi wa sita na wa saba, usiku hapa kwetu unaweza kushuka chini ya digri kumi. Musiweke bokali chini kwenye simenti. Muifunge na kitambaa kizito usiku. Konokono inaweza kujifunga na kulala siku nyingi, sawa vile zile za dambo zinajizika ndani ya matope wakati wa kiangazi. Musiitupe haraka. Nuseni: yenye imekufa inanuka vibaya sana, na mulango unalegea.

Zikizidi, musizimwange kwenye muto wala kwenye mufereji. Kenya, kwenye mashamba ya mupunga ya Mwea, tangu mwaka wa 2020 wanapigana na konokono kubwa yenye asili ya Amerika ya Kusini, yenye kutaga mayai ya pinki juu ya maji na kula mupunga ungali muchanga. Zenye zimezidi kwenu mupatie bata. Anazikula zote, na gamba pia.