Nukta Pacha, Kistari na Uso

Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza kwa wenzake alama ya mzaha: nukta pacha, kistari na mabano ya kufungia. Mzaha kuhusu zebaki ndani ya lifti, ulioandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta, ulikuwa umedhaniwa na baadhi ya wasomaji kuwa onyo la kweli. Maandishi hayana sauti wala macho. Hata hivyo Fahlman alilazimika kuwaelekeza wasomaji kwamba alama hiyo isomwe kiubavu; peke yake haikuwa uso bado.

Mwaka uleule Ulf Dimberg, huko Uppsala, Sweden, alichapisha vipimo vya misuli ya uso. Watu walipotazama picha za nyuso zenye furaha, msuli wa shavu ulisisimka; walipotazama nyuso zenye hasira, ulisisimka msuli unaokunja nyusi. (Waswahili hawakuhitaji mitambo ili kulisema hilo: mwenye hasira hukunja uso, aliyefurahi huukunjua.) Mwaka 2000, yeye na wenzake walionyesha nyuso kwa milisekunde 30 tu, watazamaji wasitambue walichokiona, na misuli ikaitikia vilevile.

Lakini hizo zilikuwa nyuso za watu. Je, nukta na mabano? Mwaka 2014 Owen Churches na wenzake, nchini Australia, walipima wimbi la umeme ambalo ubongo hutoa milisekunde 170 hivi baada ya jicho kuona uso. Alama ya Fahlman iliamsha wimbi hilo. Ilipogeuzwa, mabano yakitangulia, wimbi lilipungua, kana kwamba ubongo ulikuwa umerudia kuona alama za uandishi tu. Uso wa mtu, hata ukipinduliwa, hubaki uso. Basi mwitikio huu haukuzaliwa na mtu. Umefunzwa kwa mazoea, nayo mazoea yenyewe yalikuwa na umri wa miaka 32 tu.

Wala mazoea si mamoja. Nchini Japani, nchi iliyotupatia jina la emoji, alama za uso zilizotungwa kwa herufi huandikwa wima, na furaha huwekwa machoni. Masaki Yuki na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba Wajapani hupima hisia zaidi kwa macho, Wamarekani kwa mdomo. Uso mmoja wenye macho ya huzuni na mdomo wa furaha uliweza kusomwa kwa namna mbili.