Basileo wa Constantinople si Kaisari

Anayeandika kwa Kiswahili juu ya siasa za Constantinople, mji mkuu wa dola ya Warumi ya Mashariki, hukutana mapema na swali la cheo cha mtawala. Kwa Kigiriki aliitwa basileo. Wengi wetu huandika “Kaisari”, neno tulilolizoea katika Injili. Zoea hilo linapotosha. Wafasiri wa Biblia hawakukosea, maana katika karne ya kwanza Kaisari ndiye aliyekuwa mwenye dola. Lakini mwaka 293 Diocletian aliwateua makaisari wawili kuwa wasaidizi wa maaugusto wawili, yaani watawala wakuu, na cheo hicho kikaanza kushuka. Kilishuka tena mwaka 1081. Alexios Komnenos, akiwania kiti cha basileo, alimwahidi shemeji yake Nikephoros Melissenos ukaisari. Kisha, ili kaka yake Isaakios asiwe chini ya Melissenos, akabuni cheo kipya cha sebastokrato na kukiweka juu ya kaisari. Msomaji aliyeambiwa kwamba Alexios naye ni kaisari hawezi kuielewa hila hiyo, na hila za namna hiyo ndizo zilizokuwa siasa yenyewe ya jumba la basileo.

Basi tuseme “mfalme” tu? Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu Wagiriki wa kale waliwaita basileo wafalme wa kila aina, hata yule wa Uajemi. Mtawala Herakleios, ndiye Herekali wa utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, alilitumia jina la basileo rasmi katika sheria ya mwaka 629, baada ya kuwashinda Waajemi. Ila maana ya cheo haikukomea hapo. Papa Leo III alipomvika Charlemagne taji la mtawala wa Warumi mjini Roma mwaka 800, Constantinople ilipata mshindani. Mwaka 812 wajumbe wake walikwenda Aachen wakamsalimu Charlemagne kwa jina la basileo, lakini tangu wakati huo watawala wao wakasisitiza kwamba wao ni basileo wa Warumi. Wafalme wengine wa Magharibi waliitwa kwa neno la Kilatini, reks. Mwaka 968 barua ya Papa ilipomtaja basileo Nikephoros Phokas kuwa mtawala wa Wagiriki, walioileta walitiwa gerezani. Neno “Warumi” lilibeba dai la kuwa juu ya wafalme wote, na neno “mfalme” peke yake haliwezi kulibeba.

Wapo watakaosema kwamba “Warumi” litamfanya msomaji awafikirie wakazi wa Roma. Lakini watu wa dola ile walijiita Warumi hadi mji wao ulipotekwa mwaka 1453, na Waarabu waliwaita Rum. Jina la Wabizanti lilienezwa na wanazuoni wa Ulaya baada ya dola kuanguka. Kwa hiyo waandishi wa kamusi na vitabu vya historia waandike “mfalme” kwa reks, “mfalme mkuu wa Warumi” kwa basileo wa Constantinople, na “kaisari” wamwachie yule wa ngazi ya chini yake.