Papa wa miamba ya matumbawe

Papa wa miamba ya matumbawe ni spishi chache za papa wenye umbo la wastani ambao huishi na kuwinda kwenye miamba ya bahari za joto. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki wanajulikana zaidi watatu. Papa wa kijivu (*Carcharhinus amblyrhynchos*) huzunguka ukingo wa nje wa mwamba. Papa mwenye ncha nyeusi za mapezi (*C. melanopterus*) huingia kwenye maji machache hadi pezi la mgongo likachomoza. Yule mwenye ncha nyeupe (*Triaenodon obesus*) hulala pangoni mchana, na usiku hupenya nyufani kusaka samaki.

Huitwa wafalme wa mwamba, lakini sifa hiyo inawafaa zaidi papa wakubwa wapitao, kama mbingusi. Kwa chakula chao, papa wa miamba wako karibu na chewa wakubwa: hula samaki, pweza na kaa. Umuhimu wao hauishii kwenye kuua. Wakiwinda kwenye maji ya nje na kurudi kupumzika mwambani, kinyesi chao huleta naitrojeni inayorutubisha matumbawe na mwani. Hata uwepo wao tu huwafanya samaki wala mwani waepuke baadhi ya sehemu.

Mfano mzuri wa jinsi wanavyoweza kujaa mahali pamoja uko Fakarava, katika Polinesia ya Kifaransa. Mlango wa kusini wa kisiwa hicho una papa wa kijivu wapatao 600, wengi kuliko samaki wa hapo wanavyoweza kuwalisha. Siri ni chewa: kila mwaka, Juni na Julai, maelfu yao hutoka mbali na kukusanyika mlangoni kutaga mayai, na papa hushiba.

Papa hawa huzaa watoto wachache baada ya mimba ndefu, kwa hiyo uvuvi huwamaliza upesi. Utafiti wa mwaka 2020, uliotumia kamera zenye chambo kwenye miamba 371 ya nchi 58, haukuona papa hata mmoja kwenye karibu mwamba mmoja kati ya mitano. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako karibu hawakuonekana kabisa. Utafiti wa 2023 ulikadiria kwamba spishi tano kuu zimepungua kwa asilimia 60 hadi 73.

Papa walibaki wengi zaidi palipo na hifadhi, vikomo vya uvuvi, au marufuku ya nyavu za kunasa na kaputi ndefu za ndoana. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, pa kuanzia ni kuliondoa jarife, yaani wavu wa kunasa, kwenye miamba.