Waliohesabu Mbung'o

Kijijini kwetu, upande wa Geita, mtu yeyote mwenye sindano na chupa ya dawa huitwa daktari wa mifugo. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na imebaki miaka miwili kabla hajapata haki ya kuitwa hivyo. Baba aliuza ng'ombe ili binti akasomee ng'ombe. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kila nikimsikia mdogo wangu akihesabu miaka yake najiuliza kwa nini elimu hii ilichelewa sana kuwafikia watu walioijenga.

Naam, walioijenga. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafyeka mifugo. Mahali ambapo ng'ombe hawakula tena majani, na wafugaji hawakuchoma tena nyika, vichaka viliota, na mbung'o wakafuata vichaka. Wakati wa Waingereza vita dhidi ya nzi huyo viliongozwa na Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika. Mwaka 1929 alikabidhiwa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, makao yake Old Shinyanga. Kitabu chake kinene juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936. Miaka miwili baadaye alikufa katika ajali ya ndege. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, imebeba jina lake hadi leo.

Lakini Swynnerton hakuwakamata mbung'o wote hao kwa mkono wake. Vijana wa Kiafrika walitembea siku baada ya siku kwenye njia zilizopimwa porini, nyavu mikononi, wakikamata nzi, wakitenganisha dume na jike, wakiangalia tumbo kujua nani ameshiba na nani ana njaa. Wengine waliwatia nzi alama za rangi mgongoni na kuwaachia, ili wakikamatwa tena ijulikane wako wangapi porini. Hesabu hiyo ni sayansi kamili. Kwa Kiingereza cha wakati ule waliofanya kazi hiyo waliitwa watoto wa kiume wa nzi, hata mwenye mvi. Na mtemi alipoita, Wasukuma walitoka na mashoka kufyeka pori. (Shinyanga ilikuja kuwa kavu kiasi kwamba mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI wa kurudisha miti. Si ufyekaji ule peke yake uliosababisha, pamba na wingi wa mifugo vilichangia, lakini sipendi unavyosahauliwa.)

Mwafrika aliyetaka kuutibu mnyama kwa cheti alifundishwa usaidizi: kuchanja, kuogesha, kushika ng'ombe wakati mwingine anapima. Shahada ilikuwa nje ya mipaka. Miaka ya 1960 Mtanzania alikwenda Kabete, karibu na Nairobi. Mafunzo ya shahada yalianza Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 Sokoine kikawa chuo kinachojitegemea.

Na ni masomo magumu. Daktari wa watu hujifunza mwili mmoja. Mdogo wangu anajifunza ng'ombe, mbuzi, nguruwe, punda, mbwa na kuku, kila mmoja na mifupa yake na kipimo chake cha dawa. Mwaka wa kwanza alikariri mishipa hadi usingizini. Sasa anakaa na darubini akitafuta vimelea vya ndigana kwenye tone la damu. Mbele kuna upasuaji, uzazi, ambako mkono unaingia ndani ya ng'ombe hadi begani, na ukaguzi wa nyama machinjioni. Akimaliza, lazima asajiliwe na Baraza la Veterinari kwa sheria ya mwaka 2003. Sotoka anaisoma kama mimi ninavyosoma Wajerumani: chanjo ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ilisaidia kuimaliza, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru nayo.

Wenzake wengi wa darasa la saba wako kwenye maduara ya dhahabu. Kuna jioni wanaondoka na fedha ambayo daktari wa wilaya haioni kwa mwezi, na kuna wiki wanarudi na vumbi tu. Baba aliambiwa wazi kwamba ameuza ng'ombe bure.

Mradi wake wa mwaka wa mwisho ameshaufikiria. Kwetu dhahabu huchenjuliwa kwa zebaki, na ng'ombe hunywa maji chini ya mialo. Anataka kupima maziwa yao. Nimemwambia, ukiandika, weka na majina ya watakaokushikia ng'ombe.