Sheria za bendera nyekundu (Marekani)

Sheria za bendera nyekundu ni sheria za majimbo ya Marekani zinazompa jaji uwezo wa kuamuru mtu aondolewe bunduki zake kwa muda, na azuiwe kununua nyingine, pale ushahidi unapoonyesha kwamba yuko karibu kujiua au kuua watu. Hadi mwaka 2024 zilikuwa zikitumika katika majimbo 21 na katika mji mkuu, Washington. Amri inayotolewa ni ya madai, si ya jinai: mhusika hashtakiwi kwa kosa lolote wala hafungwi, na muda wa amri ukiisha bila kuongezwa hurudishiwa mali yake. Jaji hupima mwenendo wa karibuni, kama vile vitisho, jaribio la kujiua, kipigo kwa watu wa nyumbani, au kununua silaha huku mtu akitoa kauli za kuua. Katika majimbo mengi si lazima daktari awe ametaja ugonjwa wowote.

Chimbuko

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, iliyopitishwa baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, ilimkataza kumiliki bunduki mtu yeyote ambaye mahakama imeamua kuwa hana akili timamu, au aliyelazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa nguvu ya sheria. Sheria ya Brady ya 1993 iliongeza ukaguzi wa mnunuzi. Imepewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi kichwani mwaka 1981 katika jaribio la kumuua rais. Tangu Novemba 1998 muuzaji mwenye leseni hulazimika kuuliza katika kumbukumbu za taifa kabla ya kukabidhi silaha, ingawa katika majimbo mengi mtu binafsi anayemuuzia mwenzake haulizi chochote.

Upungufu wa mpango huo ulionekana katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech. Desemba 2005 afisa wa mahakama aliamua kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa hatari kwa nafsi yake na kumwamuru atibiwe akitokea nyumbani. Kwa kuwa hakulazimishwa kulazwa, Virginia haikupeleka jina lake kwenye kumbukumbu za taifa. Alinunua bastola mbili, akapita ukaguzi, na tarehe 16 Aprili 2007 akaua watu 32. Januari 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kuyahimiza majimbo kupeleka kumbukumbu hizo, na mamilioni ya majina yakaongezwa.

Hata hivyo orodha, iwe kamili kiasi gani, humnasa tu yule ambaye tayari amepita mahakamani, na wengi wa wanaofanya mauaji ya halaiki hawajawahi kufikishwa huko kwa sababu ya maradhi. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye ametafiti jambo hili kwa miongo kadhaa, alikadiria kwamba hata kama maradhi makubwa ya akili yote yangepona, ukatili nchini Marekani ungepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Ulevi, ukatili wa utotoni na ugomvi wa nyumbani huashiria hatari zaidi kuliko jina la ugonjwa. Kwa hiyo kila linapotokea tukio na wanasiasa wakasimama kulaumu “wagonjwa wa akili”, wanawabebesha mzigo watu ambao mara nyingi zaidi ni wahanga wa ukatili kuliko kuwa watendaji wake. Tena wanamtia hofu mwenye sonona asiende kutibiwa.

Connecticut ndiyo iliyoanza. Machi 1998 mfanyakazi wa bahati nasibu ya jimbo hilo aliua wakuu wake wanne kisha akajiua, na mwaka uliofuata sheria ikaanza kazi. Indiana ilifuata 2005. Huko polisi walikuwa wamechukua bunduki za mtu aliyechanganyikiwa, wakalazimika kumrudishia kwa kukosa sheria ya kuzishikilia. Agosti 2004 akamuua afisa Jake Laird wa Indianapolis. California ilipitisha sheria yake 2014 baada ya mauaji ya halaiki katika mji wake wa Isla Vista, na ikawaruhusu pia ndugu wa karibu kwenda mahakamani wenyewe. Florida, jimbo lenye wapenzi wengi wa bunduki, ilipitisha yake Machi 2018 chini ya gavana wa chama cha Republican, Rick Scott, wiki tatu baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya sekondari ya Parkland.

Namna zinavyofanya kazi

Kwa kawaida hatua ni mbili. Kwanza jaji anaweza kutoa amri ya dharura bila mhusika kuwapo, nayo hudumu siku chache hadi wiki mbili au tatu. Kisha huitishwa shauri ambapo mhusika husikilizwa, huleta mashahidi na wakili akiwa naye. Ushahidi ukitosha, amri huwa ya mwaka mmoja katika majimbo mengi. Anayeruhusiwa kuomba hutofautiana: Florida ni polisi peke yao, Maryland hata daktari, na California siku hizi hata mwalimu na mfanyakazi mwenza.

Faida iliyothibitika zaidi ni kuzuia kujiua, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara 9 kati ya 10, ilhali wengi wa wanaonusurika jaribio hawafi baadaye kwa kujiua. Saa za giza hupita, ikiwa silaha haiko mkononi zinapofika. Swanson na wenzake walichunguza mashauri 762 ya Connecticut ya kuanzia 1999 hadi 2013, wakakadiria kwamba kwa kila watu 10 hadi 20 waliochukuliwa bunduki, uhai wa mmoja uliokolewa. Kwa mauaji ya halaiki, ambayo ni machache kihesabu, ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kupatikana.

Lewiston

Maine, jimbo la wawindaji, lilichagua njia yake mwaka 2019. Baada ya mapatano kati ya Gavana Janet Mills na chama cha wamiliki wa bunduki, ilipitishwa “bendera ya manjano”. Familia haikuweza kwenda mahakamani. Ilibidi polisi wamkamate mtu kwa ajili ya usalama wake, mtaalamu wa afya ampime na kuthibitisha hatari, ndipo jaji aamue. Hospitali nyingi zilisita kufanya vipimo hivyo, hadi jimbo lilipopata wataalamu wa kupima kwa njia ya video mwishoni mwa 2022.

Mei 2023 jamaa za askari mmoja wa akiba waliieleza ofisi ya sherifu kwamba ndugu yao anasikia watu wakimsema vibaya na kwamba ana bunduki nyingi. Julai, akiwa mazoezini jimbo la New York, wakuu wake walimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili, akakaa wiki mbili. Septemba askari mwenzake aliandika usiku kwa mkubwa wao kwamba anaogopa jamaa huyo atalipuka na kuua watu wengi. Askari wa sherifu alikwenda nyumbani kwake, hakufunguliwa mlango, na suala la bunduki likaachiwa familia. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu huyo aliingia katika ukumbi wa bolingi na kisha baa mjini Lewiston, akaua watu 18. Wanne kati yao walikuwa viziwi waliokusanyika kucheza pamoja. Kwa siku mbili watu wa mji huo, wakiwamo wakimbizi wa Kisomali ambao wengi wao walipitia makambi ya Kenya, walijifungia majumbani hadi mwili wake ulipopatikana.

Tume iliyoongozwa na jaji mkuu mstaafu Daniel Wathen ilihitimisha Agosti 2024 kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kumshika na kuanzisha utaratibu wa bendera ya manjano. Wenye kumjua walikuwa wamesema kila walichoweza kusema. Wenye mamlaka ndio hawakusogea.

Buffalo, New York, ilikuwa imeona jambo la aina hiyo. Mwanafunzi aliyeandika shuleni mwaka 2021 kwamba anataka kuua na kujiua alipelekwa hospitali, akapimwa, akaruhusiwa. Jimbo lilikuwa na sheria ya bendera nyekundu tangu 2019, lakini hakuna aliyepeleka ombi kwa jaji. Tarehe 14 Mei 2022 aliua watu weusi 10 katika duka kubwa. Ndipo Gavana Kathy Hochul akawaagiza polisi wa jimbo wapeleke ombi kila sababu inapokuwapo, na idadi ya amri ikapanda sana.

Upinzani na mahakama

Wapinzani husema amri ya dharura humnyang'anya mtu haki ya kikatiba kabla hajasikilizwa. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni shauri la haraka na wakili, mambo ambayo si kila jimbo huyagharamia. Oklahoma ilipiga marufuku sheria za aina hii 2020, na Colorado baadhi ya masherifu walitangaza hawatazitekeleza. Kwa upande mwingine, sheria ya taifa iliyosainiwa na Rais Biden Juni 2022, baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, Texas, ilitoa fedha za kusaidia mipango hii pamoja na huduma za afya ya akili. Juni 2024, katika shauri la Rahimi, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa usalama wa mwingine anaweza kuzuiwa kwa muda kumiliki silaha. Shauri hilo lilihusu ukatili wa nyumbani, lakini msingi wake unazigusa sheria hizi pia.

Novemba 2025 wapiga kura wa Maine waliidhinisha sheria ya bendera nyekundu, inayowaruhusu ndugu kwenda kwa jaji moja kwa moja bila kusubiri polisi wala kipimo cha daktari.