Mazoezi na Moyo wa Mwanamke Anayekoma Hedhi: Suala la Wakati

Elimu yetu ya mazoezi na moyo ilianza kwa wanaume. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao wa wafanyakazi wa mabasi ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Ushauri mwingi wa leo umejengwa juu ya msingi huo. Mwanamke wa miaka hamsini ameunganishwa humo kana kwamba mwili wake ni ule ule wa dereva.

Sivyo. Hedhi inapokoma, ovari hupunguza sana kutoa estrojeni, homoni inayousaidia utando wa ndani wa mishipa kutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa damu ipite. Utafiti wa SWAN, uliofuatilia wanawake nchini Marekani kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa lehemu mbaya hupanda kwa kasi katika kipindi cha mwaka mmoja hivi kabla na baada ya hedhi ya mwisho. Umri peke yake hautoshi kueleza mruko huo.

Je, mazoezi yanaweza kuziba pengo hilo? Ushahidi haujanyooka, na ni haki msomaji auone ulivyo. Mwaka 2013 Kerrie Moreau na wenzake huko Colorado waliwapa mazoezi ya wiki 12 wanawake waliokwisha koma hedhi. Utendaji wa utando wa mishipa uliimarika kwa waliokuwa wakipewa estrojeni. Kwa waliopewa dawa bandia haukuimarika. Matokeo haya yanasumbua, kwa kuwa yanadokeza kwamba mshipa uliokosa homoni hausikii vizuri wito wa mazoezi. Lakini asije mtu akahitimisha kwamba dawa ya homoni ndiyo kinga ya moyo. Jaribio kubwa la Marekani la estrojeni pamoja na projestini, lililohusisha wanawake 16,608, lilisitishwa mwaka 2002 baada ya madhara kuonekana kuzidi manufaa.

Kwa maoni yangu jibu liko kwenye wakati. Katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, kundi la Ylva Hellsten liliwalinganisha wanawake wa umri unaokaribiana, baadhi bado wakipata hedhi na wengine wakiwa wameikoma karibuni. Baada ya miezi mitatu ya kuendesha baiskeli za mazoezi kwa nguvu, makundi yote mawili yalinufaika kwa kiwango kinachokaribiana katika viashiria vya hatari ya moyo. Mwili ulioachana na hedhi karibuni bado unaitikia. Kwa hiyo kumwambia mwanamke asubiri mpaka presha ipande ndipo aanze mazoezi ni kumpotezea miaka yenye thamani kubwa.

Kosa jingine ni kupima faida kwa mizani na kipimo cha presha tu. Jaribio la DREW la mwaka 2007, lenye wanawake 464 wanene waliokoma hedhi na wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, liliwagawa katika viwango tofauti vya mazoezi. Waliofanya wastani wa dakika 72 tu kwa wiki waliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa asilimia 4.2, waliofikia dakika 192, asilimia 8.2. Shinikizo la damu la juu halikushuka kwa kiasi cha maana. Anayetazama kipimo cha presha peke yake angesema wamejichosha bure, ilhali uwezo huo wa kutumia oksijeni ni miongoni mwa viashiria bora vya nani ataishi muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Nawasihi madaktari na wauguzi wenzetu: mwanamke wa miaka 45 akija kliniki, hata kwa homa tu, muulizeni hali ya hedhi yake na muulizeni anatembea kiasi gani, kisha yaandikeni majibu yote mawili kwenye faili lake.